Usilete Hizo Mbuzi

"Yuko tayari," nikasema.

Sikumwangalia. Pasta Phares aliuliza, mimi nikajibu. Kamati ya harusi tulikuwa tumekaa kwa viti za plastiki nyuma ya kanisa, ibada imeisha, chai imeshamiminwa, na swali lilikuwa kama Kaluki atakubali kupimwa mimba kabla kanisa litangaze harusi yetu.

Hapo kwetu kila bibi harusi hupimwa. Si siri. Mwenye atapatikana nayo havai shela, anaozwa kwa ofisi ya pasta siku ya kazi, hakuna kwaya, hakuna keki. Bwana harusi hapimwi. Kwani utampima nini?

Nilijibu haraka juu nilijua hakuna kitu. Mimi na Kaluki hatujawahi lala pamoja. Si ati mimi ni malaika. Yeye alisema tungoje, nikangoja, na kusema ukweli nilikuwa nikijivunia hiyo kungoja. Nilitaka wazee waone. Zaidi sana nilitaka baba yangu aone. Mzee Ndambuki, dereva wa lori, mzee wa kanisa, mtu mwenye tangu niache shule Form Two huniangalia kama gari imekataa kuwaka.

"Kimanzi," Kaluki akaniita chini chini. Alikuwa amekaa kando yangu, goti lake karibu liguse langu.

"Ni kitu ya dakika mbili," nikamnong'onezea. "Si tunajua hakuna kitu?"

Akaniangalia. Kaluki ana macho ya kuongea. Siku ya kwanza nilimwona akija kununua nyama kwa bucha yetu hapo soko la Burma, hakufungua mdomo, aliangalia tu mfupa nilikuwa nimeficha chini ya nyama mpaka nikautoa mwenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma hayo macho. Hapo kwa kamati niliyaona yakiniambia kitu, na sikusoma. Nilikuwa naangalia baba.

Mama Nangila, nesi wa kanisa, alikuwa tayari ameshatoa kile kikaratasi cha kupimia kutoka kwa mkoba. "Twende mama. Umekunywa maji ya kutosha?"

Watu wakacheka kidogo. Kaluki akainuka, akanyoosha sketi, wakaenda.

Walirudi chai yangu ikiwa bado moto. Mama Nangila alikuwa amebeba ile kitu kwa tishu. Akaonyesha pasta, pasta akavaa miwani, akaangalia, akavua miwani.

"Hana," akasema. "Bwana asifiwe."

Makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Baba yangu akasimama, akanipa mkono mbele ya wote, na huo mkono hajawahi kunipa tangu nizaliwe. "Huyu sasa ni mke," akasema. "Jumamosi tunapeleka mbuzi."

Nikageuka nione Kaluki akifurahi.

Alikuwa ameketi. Ameshika kikombe na mikono miwili. Sura yake haikuwa na hasira, haikuwa na aibu, haikuwa na kitu. Ilikuwa kama nyumba watu wamehama.

"Asanteni," akasema.

*

Hakushika simu Jumatatu. Hakushika Jumanne. Nikajiambia ni kazi, juu yeye ni karani kwa duka moja ya vitambaa hapo Eastleigh na mwisho wa mwezi huwa wanahesabu mali. Baba naye alikuwa anapigia wajomba simu kila jioni. Mbuzi tatu zilikuwa zimeshafika, zimefungwa nyuma ya nyumba, zinakula sukuma wiki ya jirani.

Hizo mbuzi lazima nizieleze. Sisi Wakamba tuko na ntheo. Mbuzi za ntheo zikiingia kwa kina msichana na wazazi wake wakizipokea, imeisha hivyo. Ni bibi yako. Hiyo harusi ya kanisa inakuja baadaye ni ya picha na pilau. Mbuzi ndio zinaoa. Baba yake Kaluki, Mzee Wathome, alikuwa amekubali zishushwe hapa hapa mjini, kwao Lucky Summer, badala ya shags kijijini, juu mguu unamsumbua na hawezi safari ndefu.

Alhamisi Kaluki akaja Burma mwenyewe.

Nilikuwa ndani naning'iniza paja. Ubaid, mwenye tunakata naye nyama, ndiye alimwona kwanza.

"Bibi harusi!" akaita. "Karibu! Huyu bwanako wiki hii anakata nyama kama anapasua kuni. Umemfanya nini?"

"Hujambo Ubaid," akasema, na hakucheka. Akasimama nje ya kaunta kama mteja.

"Sasa," nikasema.

"Poa."

"Hushiki simu."

"Nashika. Yako ndio sishiki."

Nikafuta mikono kwa aproni. Sikujua niiweke wapi. "Kaluki, nimekosa wapi? Walisema uko safi. Si wote walipiga makofi?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

Akaangalia lile paja nilikuwa nimetundika. Lilikuwa na ule muhuri wa wino wa bluu wanapigaga huko machinjioni.

"Hiyo imepigwa muhuri na nani?"

"Daktari wa nyama."

"Bila hiyo huwezi uza?"

"Wananifunga."

"Na ng'ombe aliulizwa?"

Ubaid akacheka. Kisha akaona sura zetu, akachukua kisu chenye kilikuwa kimenolewa vizuri akaanza kukinoa tena.

"Usiseme hivyo," nikamwambia. "Hakuna mtu alikuona kama nyama."

"Mama Nangila alisimama kwa mlango wa choo, Kimanzi. Aliniambia nisifunge. Ati kuna msichana aliwahi kuja na mkojo wa dada yake kwa chupa. Kwa hivyo nikachuchumaa ananiangalia. Nikimaliza nikatoka, watoto wangu wa Sunday school wamepanga laini hapo nje wanangoja choo. Wananiuliza, teacher, uko mgonjwa?"

"Hiyo sikujua."

"Hukuuliza."

"Ningefanya nini? Ni sheria ya kanisa. Si mimi nimeiweka."

"Pasta hakusema 'mpimeni.' Aliuliza kama niko tayari. Niliulizwa mimi. Ukajibu wewe."

Mteja mmoja alikuja akaomba nusu kilo, Ubaid akamvuta upande ule mwingine.

"Ungekataa wangesema uko na mimba," nikasema.

"Wangesema."

"Na ingekuwa uongo!"

"Na wewe ungejua ni uongo." Sauti yake ilikuwa chini, tambarare, kama mtu anasoma risiti. "Hiyo ilikuwa inanitosha. Wewe ukijua. Hao wengine wangesema mpaka wachoke. Ningekaa hapo kando yako niskie tu raha."

Nilitaka kuvuka kaunta. Nilitaka nimshike hata kidole. Mikono yangu ilikuwa na damu ya ng'ombe mpaka kwa viwiko, nikabaki pale.

"Nikuulize kitu," akasema. "Kama haungekuwa na hakika. Kama labda tungekuwa tumeteleza mara moja. Ungesema 'yuko tayari' haraka hivyo?"

Nikaangalia kisu cha Ubaid.

"Unaona. Ungesema hapana, ni kuvunjia mwanamke heshima. Ungesema Mungu hapendi. Kwa hivyo hukuwa unanitetea mimi. Ulikuwa unajipea marks kwa baba yako na mwili wangu."

"Kaluki..."

"Kila Jumamosi mko na mafundisho ya wanaume. Mnafundishwa nini huko?"

"Mambo mingi. Usimpige mke. Usitembee nje. Peleka mshahara nyumbani."

"Na wewe utafanya zote. Najua. Hutanipiga, hutatembea nje." Akaangalia ule muhuri tena. "Hiyo Jumapili asubuhi nilikuwa nimefundisha watoto ile hadithi ya yule mama wanaume walishika akizini wakamleta kwa Yesu, wamemsimamisha mbele ya watu. Kasichana kamoja kakaniuliza, teacher, mbona Yesu aliinama akaandika chini kwa mchanga? Nikamwambia sijui. Nilikuja kujua nikiwa kwa choo. Hao wengine wote walikuwa wanamkodolea. Yeye akaangalia chini."

Hapo ndipo nilifaa kulia. Nilijua kabisa ni hapo. Lakini ndani kulikuwa kumekufa ganzi, kama mguu umeukalia vibaya kwa ibada ndefu. Niliskia tu friji inanguruma.

"Mwambie baba yako asilete hizo mbuzi Jumamosi," akasema.

"Unaniacha?"

"Sijasema nakuacha. Nimesema usilete."

"Mamako anajua?"

"Mama ameshashona nguo, Kimanzi. Mama hajui kitu ingine wiki hii." Akashika mkoba wake. "Usilete hizo mbuzi."

Akaenda. Nilimwangalia mgongo mpaka akamezwa na moshi wa wachoma nyama. Hakugeuka.

Baada ya kama saa moja hivi Ubaid akanishika bega. "Ndugu yangu, nenda ukae. Yule mzee aliomba matumbo, umempimia maini."

*

Ijumaa jioni nikamwambia baba. Alikuwa nyuma ya nyumba anaangalia mbuzi meno na tochi ya simu.

"Kaluki amesema tusilete."

"Tusilete nini?"

"Mbuzi."

Akaendelea kuangalia meno. "Mwanamke akisema usilete, anataka kuona kama uko na haraka. Mamako alinifukuza mara mbili."

"Baba, amekasirika. Kwa sababu ya ile kupimwa."

"Amekasirika na alipatikana msafi? Angepatikana mchafu angefanya aje?" Akapiga simu hapo hapo, akaweka sauti juu. Mama Syombua, mamake Kaluki, akashika kabla hata haijalia vizuri.

"Mama, hapa naambiwa ati tusije."

"Na nani? Mkuje! Chapati nimeshakanda unga! Huyo msichana ako na hasira ya harusi, Mzee, ni kawaida. Hata mimi nililia wiki nzima, na si niko hapa? Mkuje mapema, Baba Kaluki hataki jua."

Baba akakata simu. "Umeskia."

Nimeskia, nikasema. Nikaingia ndani nikalala na viatu.

Jumamosi asubuhi pickup ilikuja. Wajomba wawili kutoka Mwala walikuwa wamevaa makoti, mmoja akapanda nyuma na mbuzi, mwingine akaingia mbele na baba. Mimi sikukataa. Sikukubali pia. Nilipanda tu nyuma nikakaa kwa gurudumu la spea, mbuzi moja ikanilalia kwa miguu. Mjomba alikuwa anaimba wimbo wa kanisa anarudia mstari mmoja tu. Akaniambia, "Changamka bwana, hapa hatuendi kuzika." Nikasema sawa.

Lucky Summer walikuwa wanangoja. Mzee Wathome alikuwa ameketi kwa kiti kwa geti, mguu ameuweka juu ya gogo la mti lenye alikuwa anachonga, twiga nusu, kichwa kimetoka, miguu bado. Mama Syombua na majirani wamevaa nguo za kitenge sare. Kuona pickup wakaanza vigelegele.

Kaluki alikuwa amesimama kwa mlango wa nyumba. Hakuwa amevaa ile nguo alishonewa. Alikuwa na gauni la nyumbani na leso imefungwa kiunoni, kama mtu alikuwa anaosha vyombo. Akaniona. Hakukunja uso. Hakutikisa kichwa. Aliniangalia na ile sura ya kwa kamati, ile nyumba imehamwa, na mikono yake akaishikanisha mbele vile alikuwa ameshika kikombe.

Nikajua. Tukishusha hizi mbuzi, hatalia. Hatapigana. Atasema asanteni. Ataleta maji ya kunawa, atatembeza kwa kila mjomba, atapiga magoti. Atakuwa bibi yangu mzuri, atapika, atanizalia, atanipeleka kanisani nimevaa shati imepigwa pasi, na kila siku ya maisha yangu nitakuwa naangalia hiyo sura. Na nitakuwa nayo kihalali. Hakuna mtu atasema nimekosa. Nitakuwa mwanaume wa mfano, pasta atanipa nifundishe Jumamosi.

Mjomba alikuwa ameshashika kile chuma cha mlango wa nyuma wa pickup. Nikakishika pia, nikakirudisha.

"Hazishuki," nikasema.

"Nini?"

"Hizi mbuzi hazishuki."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Baba akatoka mbele, anatabasamu bado, anafikiria ni mchezo. "Kimanzi, fungua."

"Hapana, baba."

"Fungua nimesema."

"Ni mimi naoa ama ni wewe?"

"Utaoa nani na hauna akili?" Sura yake ikabadilika. "Unaniaibisha kwa wakwe? Mimi na nywele hii nyeupe?"

Mjomba naye akaingilia. "Kwani umepata mwingine? Sema tu, sisi ni wanaume. Usitufanye tutoke Mwala bure."

Mama Syombua alikuwa amefika kwa pickup, unga wa chapati umemgandia vidole. "Msichana wangu ako na kasoro gani? Sema hapa watu waskie! Msichana wangu alipimwa! Si mlimpima nyinyi wenyewe? Si alipatikana safi? Alipimwa!"

Alisema hivyo mpaka watu wa ghorofa ya tatu hapo jirani wakatoa vichwa kwa madirisha. Kaluki akafunga macho.

"Mama, nyamaza," nikasema, na nikajua nimekosa adabu, nikaruka chini nikasimama mbele yake nikashusha sauti. "Pole, mama. Hana kasoro. Hakuwahi kuwa nayo. Hatungefaa kumpima. Ni mimi nilikubali na haikuwa yangu kukubali. Na hizi mbuzi, alinikataza, na nimezileta."

"Watoto hukataza," akasema. "Ndio maana kuna wazazi."

"Si mtoto, mama."

Mzee Wathome alikuwa bado kwa kiti chake. Alikuwa anakwaruza shingo ya twiga na kidole cha gumba. "Kijana," akasema, "wewe unataka nini?"

"Namtaka yeye, mzee. Nikilala, nikiamka. Hata nikikata nyama."

"Sasa si uko na mbuzi na sisi tuko hapa?"

"Yeye hayuko."

Akaniangalia sana. Kisha akageuza kichwa kwa mlango, pole pole, kama mtu shingo inamuuma. "Kaluki. Njoo."

Akaja mpaka katikati ya uwanja. Hakuja kwangu, hakuja kwa babake. Hapo katikati. Ulikuwa umbali wa mtu kunyoosha mkono, na sikunyoosha.

"Kaluki," nikasema. "Unataka ziingie?"

Watu wote wakageuka kumwangalia. Hata wale wa madirishani.

Niseme ukweli. Kuna sehemu yangu ilikuwa inangoja atabasamu. Nilikuwa nimesimamisha mbuzi, nimegombana na baba mbele ya watu, nimeuliza vizuri. Nilifikiri sasa basi, atasema ndio, vigelegele virudi, na tutakuwa na hadithi ya kuambia watoto.

Akaangalia pickup. Akaangalia mama yake. Akaniangalia mimi, na macho yakarudi. Nikiwa nimesimama hapo niliyaona yakirudi, moja kwa moja, yale yale ya siku ya mfupa.

"Sitaki," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa, ile yake ya kunyamazisha watoto wa Sunday school. Haikutetemeka.

"Sitaki leo," akasema tena. "Na sijui kama nitataka. Usiniulize lini."

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?" baba akauliza. "Sawa nini, Kimanzi?"

"Twende nyumbani."

Mama Syombua akaketi chini kwa ngazi akajifunika uso na kitenge. Kaluki akaenda akakaa kando yake, akamshika mgongo. Sijui walikuwa wanaambiana nini. Hakuniangalia tena na sikungoja aniangalie. Nikampa Mzee Wathome mkono. Akaushika na vumbi ya mti, akauachilia, akarudi kwa twiga wake.

Baba alikataa mjomba akae mbele. Akaniambia niingie. Tulikuwa tumeshapita stage ya Baba Dogo ndipo akafungua mdomo, na hakuwa na hasira tena, alikuwa mzee tu.

"Amekukataa mbele ya watu."

Kifua kilianza kuniuma. Kilianza kidogo kidogo, vile damu hurudi kwa mguu uliokufa ganzi, sindano sindano, mpaka nikashika dashibodi. Iliuma vibaya. Nikaiacha iume.

"Amekataa," nikasema. "Nimemskia."